Mwingereza aliingia Misri kwa mlango gani?



Kila linapozuka suala la ukoloni katika mabaraza yetu baada ya swala ya Isha, aghalabu husikika majibu mawili. Wapo wasemao kwamba Mwingereza alizivamia nchi za watu kwa sababu moja tu, nayo ni chuki yake dhidi ya Uislamu. Na wapo, hasa waliosomeshwa kwa vitabu vya zamani vya shule, wanaoamini hadi leo kwamba alikuja kukomesha utumwa, kujenga reli na kuleta ustaarabu. Majibu yote mawili ni mepesi kuyakariri, na sisi hatuoni kuwa lolote kati ya hayo linatosha. Kijana aliyelelewa na jibu la kwanza atamngoja adui aje na upanga, na hatamtambua akija na karatasi ya kutia saini. Aliyelelewa na jibu la pili atatoa shukrani mahali ambapo alipaswa kudai hesabu.

Ili tusizungumze kwa jumla jumla, tuitazame nchi moja ya Kiislamu ambayo habari zake zimeandikwa kwa urefu, nayo ni Misri. Majeshi ya Uingereza yaliikalia Misri mwaka 1882, kwa ahadi kwamba yangeondoka punde mambo yatakapotulia. Askari wa mwisho katika kambi zao za Suez waliondoka Juni 1956, na kabla ya mwaka huo kwisha wakarudi tena pamoja na Wafaransa na Waisraeli.

Habari inaanza na deni. Ismail, mjukuu wa Muhammad Ali Pasha, alishika utawala mwaka 1863. Wakati huo Wamarekani walikuwa wakipigana wao kwa wao, viwanda vya nguo vya Uingereza vimekosa pamba, na pamba ya Misri ikauzwa kwa bei ambayo nchi ile haikupata kuiona. Ismail alidhani kwamba neema ile ni ya kudumu. Alijenga reli, madaraja, mifereji ya umwagiliaji na shule, na hayo tunamhesabia kwa wema. Lakini pia alijenga makasri, akajenga jumba la opera mjini Cairo, na mwezi Novemba 1869 akawakaribisha wakubwa wa Ulaya katika sherehe za kuufungua Mfereji wa Suez, zilizogharimu mali isiyo na kifani. Vita vya Marekani vilikuwa vimekwisha tangu 1865. Bei ya pamba ilianguka, matumizi ya kasri hayakuanguka.

Huo Mfereji wenyewe ulikuwa mzigo tangu mwanzo. Wakulima wa Misri waliswagwa kwa maelfu kwenda kuuchimba kwa kazi ya shokoa. Ismail alipotaka kuikomesha shokoa hiyo na kurejeshewa ardhi ambayo kampuni ya Mfaransa de Lesseps ilikuwa imepewa, shauri lilipelekwa mwaka 1864 kwa msuluhishi, naye alikuwa Napoleon wa Tatu, mfalme wa Ufaransa. Misri ikaamriwa kuilipa kampuni fidia ya faranga milioni 84. Basi mwenye nchi akawalipa wageni ili watu wake waache kufanyishwa kazi ya lazima katika nchi yao wenyewe!

Tuutazame mkopo mmoja tu, ule wa mwaka 1873, kwa kuwa hesabu yake hata mwanafunzi wa shule ya msingi aweza kuifanya. Katika karatasi, Misri ilikopa pauni milioni 32. Kilichofika hazina, baada ya wenye mabenki kukata chao na hati kuuzwa kwa bei pungufu, kilikuwa takribani pauni milioni 20, na sehemu ya hizo haikuwa fedha taslimu bali hati za madeni ya zamani ya Misri yenyewe. Lakini riba ya asilimia 7 ilihesabiwa juu ya zile milioni 32. Yaani kila mwaka pauni milioni mbili na ushei zitoke Misri kulipia fedha ambazo kwa sehemu kubwa hazikufika. Ukilinganisha malipo hayo na kile kilichopokewa, riba ya kweli ilikaribia asilimia 11.

Aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani Tukufu, aya ya 282 ya Suratul Baqarah, ni aya ya deni na namna ya kuliandika, nayo inafuata mara tu baada ya aya zinazoharamisha riba. Ismail alitawala mji wenye Al-Azhar. Hakukosa mtu wa kumsomea.

Deni ambalo mwaka 1863 lilikuwa takribani pauni milioni 3 lilikuwa limepita milioni 90 ilipofika 1876. Mwaka mmoja kabla ya hapo, Ismail aliuza hisa zake za Mfereji, 176,602 kwa idadi. Mnunuzi alikuwa serikali ya Uingereza. Waziri Mkuu Disraeli alizinunua kwa pauni milioni 4 kasoro kidogo, fedha alizokopeshwa na benki ya Rothschild. Mwaka 1876 wakopeshaji wakaunda mjini Cairo chombo kilichoitwa Hazina ya Deni la Umma, kikapewa mapato maalumu ya nchi, kisha wakawekwa wadhibiti wawili, Mwingereza na Mfaransa, mmoja kutazama yanayoingia na mwingine yanayotoka. Mwaka 1878 Mwingereza akawa Waziri wa Fedha wa Misri, na Mfaransa akawa Waziri wa Ujenzi. Ismail alipojaribu kuwatoa, mataifa ya Ulaya yalimshurutisha Sultani wa Istanbul, naye akamwuzulu Juni 1879. Akawekwa mwanawe, Tawfiq.

Msomaji aangalie kwamba mpaka hapo hakuna risasi hata moja ya Kiingereza iliyolia Misri.

Waliokuwa wakilia ni wakulima. Mwaka 1871 ilitolewa sheria iliyoitwa al-Muqabala, yenye ahadi kwamba mwenye shamba akilipa ziada inayolingana na kodi ya miaka 6, kodi yake itapunguzwa kwa nusu milele. Watu walijinyima na kukopa, wakalipa. Mwaka 1880, chini ya wadhibiti wa Kizungu, sheria ile ikafutwa na wenye mashamba wakatupiwa fidia ndogo. Ahadi aliyopewa mkulima wa Misri ilivunjika kwa kalamu moja. Ahadi aliyopewa mwenye hati ya mkopo aliyekaa London haikuguswa. Kwa maoni yetu jambo hili linaeleza ukoloni wa Misri kuliko hotuba nyingi tulizozisikia.

Hapo ndipo alipojitokeza Ahmad Urabi. Alikuwa mtoto wa sheikh wa kijiji katika jimbo la Sharqiya, akasoma Al-Azhar kabla ya kuingia jeshini, akapanda mpaka cheo cha kanali katika jeshi ambalo vyeo vikubwa vilishikwa na Waturuki na Wacherkesi. Tarehe 9 Septemba 1881 aliongoza vikosi hadi mbele ya Kasri la Abdin, akamtaka Khedivu abadili mawaziri na kuita Baraza la Wawakilishi. Khedivu alikubali, na Baraza likakutana mwezi Desemba.

Sasa tunaomba msomaji asimame nasi kidogo, kwa sababu jambo hili hupitwa haraka. Wajumbe wa Baraza lile hawakusema kwamba hawatalipa deni. Wakati huo deni lilikuwa likilipwa kwa tarehe zake. Karibu nusu ya mapato yote ya nchi ilikuwa imekwisha kutengwa kwa ajili ya wakopeshaji, na wajumbe walikubali kutoigusa. Walichotaka ni kuijadili na kuipigia kura ile nusu iliyobaki, fedha za mabwawa, shule, mahakama na mishahara ya askari wao. Wadhibiti walikataa. Januari 1882 serikali za Uingereza na Ufaransa zikatoa waraka wa pamoja kumwunga mkono Khedivu, waraka ambao kila Mmisri aliuelewa kuwa ni tishio. Mwezi Mei zikaja manowari.

Tarehe 11 Juni zilizuka ghasia Iskandaria. Wazungu wapatao 50 waliuawa, na Wamisri zaidi ya hao. Damu ile ya watu wasio na silaha hatuitetei. Lakini manowari zilikuwa zimekwisha kutia nanga bandarini kabla ya ghasia, na jibu lililokuja tarehe 11 Julai halikuwapiga wauaji. Admirali Seymour aliipiga mizinga ngome za Iskandaria kutwa nzima, na mji ukashika moto. Wafaransa walikuwa wameziondoa meli zao. Ndani ya baraza la mawaziri la Uingereza, John Bright alijiuzulu kwa kuupinga uamuzi huo, na ni insafu kumtaja. Mwezi Agosti Jenerali Wolseley aliingiza jeshi kupitia Mfereji, ambao de Lesseps alikuwa amemhakikishia Urabi kwamba hautatumiwa kivita. Alfajiri ya tarehe 13 Septemba, huko Tel el-Kebir, jeshi la Misri lilivunjwa kwa muda usiozidi saa moja hivi. Urabi akapelekwa uhamishoni Ceylon, akakaa huko hadi 1901.

Je, ilikuwa vita ya Msalaba dhidi ya Hilali? Tukisema ndiyo, tutawaweka wapi wengi waliokuwa upande wa pili? Khedivu Tawfiq, Muislamu, alijiweka chini ya himaya ya manowari za Kiingereza. Sultani Abdulhamid, aliyeitwa Khalifa wa Waislamu, alimtangaza Urabi kuwa ni muasi siku chache kabla ya Tel el-Kebir. Na katika jeshi la Wolseley vilikuwamo vikosi vilivyoletwa kutoka India, na ndani yake Waislamu. Wapo Waingereza waliouchukia Uislamu, na maneno yao yamebaki vitabuni. Lakini chuki hiyo ilikuwa kuni, si cheche.

Wanazuoni wa Kiingereza wenyewe hawajakubaliana. Hobson aliandika mwaka 1902 kwamba nyuma ya bendera walisimama wenye mitaji. Robinson na Gallagher, katika kitabu chao cha mwaka 1961, walishikilia kwamba serikali ilihofia usalama wa njia ya India, kwani zaidi ya robo tatu ya shehena iliyopita Suez ilikuwa ya meli za Kiingereza. Sisi tunaona kwamba hoja ya Mfereji ni ya kweli lakini haijibu swali la wakati. Mfereji ulikuwapo tangu 1869 na Urabi hakuugusa. Kilichobadilika mwaka 1882 ni kwamba Wamisri walidai kuishika mikononi mwao nusu ya mkoba wao. Waziri Mkuu wa wakati huo alikuwa Gladstone, aliyesifika kwa kuhubiri haki za mataifa madogo. Waliochambua kumbukumbu zake za fedha wameonyesha kwamba zaidi ya theluthi ya rasilimali zake za hisa na hati ilikuwa katika mkopo wa Misri. Hatudai kwamba alipiga mizinga ili kuokoa mfuko wake. Tunachosema ni kwamba tabaka lililoamua vita ndilo lililokuwa likidai.

Na nani aliyekuja kuitawala Misri? Evelyn Baring, baadaye Lord Cromer, wa ukoo wenye benki ya Baring, ambaye alifika Cairo mara ya kwanza mwaka 1877 akiwa mjumbe katika Hazina ya Deni! Jina la kazi yake lilikuwa Balozi Mdogo Mkuu, na kuanzia 1883 hadi 1907 hapakuwa na waziri aliyethubutu kumpinga. Tusiwadhulumu: mabwawa yalijengwa, likiwamo la Aswan lililokamilika mwaka 1902, na kiboko cha mtoza kodi kilipigwa marufuku. Deni lililipwa. Lakini shule za serikali zilitozwa ada na chuo kikuu kikapingwa, hata Chuo Kikuu cha Misri kikafunguliwa mwaka 1908, Cromer akiwa ameshaondoka. Na mwaka 1906, katika kijiji cha Dinshawai, wanakijiji wanne walinyongwa baada ya ugomvi uliotokana na maofisa wa Kiingereza kuwinda njiwa wa watu.

Habari hii ina mkono wake hapa kwetu pwani. Mwaka 1875 Ismail, huku akizama katika madeni, alituma meli na askari wakateka Barawa na Kismayu, zilizokuwa chini ya Sayyid Barghash wa Zanzibar. Barghash aliwashitakia Waingereza, nao wakamtaka Ismail aondoke, akaondoka. Zanzibar ikahesabu kwamba ina rafiki mwenye nguvu. Miaka 15 baadaye, 1890, rafiki huyo akaitangaza kuwa nchi iliyo chini ya himaya yake. Mwaka 1891 akaletwa kuwa balozi Gerald Portal, kijana aliyefunzwa kazi Cairo chini ya Cromer. Kazi yake kubwa ya kwanza haikuwa kanisa wala shule. Alizitwaa forodha na hazina, akaziweka chini ya maofisa wa Kiingereza, na Sultani Ali bin Said akapangiwa posho ya kila mwaka kutoka katika mapato ya nchi yake mwenyewe.