Picha ya kichwa isingoje risiti

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ya barua nitoe maoni yangu juu ya jambo linalogusa maisha ya wananchi wengi, hasa vijana wetu wa bodaboda na wazee wetu wenye shinikizo la damu. Jambo lenyewe ni upigaji wa picha ya kichwa kwa mashine ya CT-Scan katika hospitali zetu.

Kwanza sina budi kuipongeza Serikali. Zamani si za mbali, mtu aliyeumia kichwa mkoani mara nyingi hakuwa na njia ila kusafirishwa hadi Dar es Salaam, Moshi au Mwanza, na wengine safari yao iliishia njiani. Oktoba 2021 ulizinduliwa mpango wa shilingi trilioni 1.3 wa maendeleo na mapambano dhidi ya UVIKO-19, na sehemu ya fedha hizo ilikwenda kununua mashine za CT-Scan kwa ajili ya hospitali za rufaa za mikoa. Mgonjwa wa kwanza duniani kupigwa picha ya ubongo kwa mashine ya aina hii alipigwa London tarehe 1 Oktoba 1971. Kwa hiyo ilichukua nusu karne kitu hicho kumfikia mwananchi wa mkoani. Baada ya kungoja muda wote huo, haifai tena kumngojesha mlangoni.

Wako watu wanaodhani CT-Scan ni anasa ya wenye fedha, eti eksirei yatosha. Eksirei ya kawaida huonyesha mfupa. Fuvu laweza kuwa zima kabisa na huku ndani damu inavuja. Fuvu ni kama sanduku lililofungwa. Damu ikijaa humo haina pa kutokea, basi huukandamiza ubongo. Ndiyo maana kijana huanguka na pikipiki, akainuka, akajipangusa vumbi, akazungumza na wenzake, kisha saa chache baadaye akalalamika kichwa, akatapika na kusinzia. Watu husema, "Mwacheni apumzike." Asubuhi haamki. CT-Scan huionyesha damu hiyo ikiwa nyeupe, kwa dakika chache tu, na daktari wa upasuaji akajua ni upande gani wa kufungua.

Kiharusi nacho ni hivyo hivyo. Mzee anaamka mdomo umekwenda upande na mkono hauinuki. Kwa macho, kiharusi cha mshipa ulioziba na cha mshipa uliopasuka hufanana, lakini tiba zao ni kama mbingu na ardhi. Iko dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda, ambayo kwa kawaida hutakiwa itolewe ndani ya saa nne na nusu tangu dalili zianze. Akipewa mtu ambaye mshipa wake umepasuka, yaweza kumuua. Bila picha daktari anapapasa gizani. Wakati huo huo sisi nyumbani tunapoteza siku mbili tukisema mzee ametupiwa kitu. Hata kifafa, ambacho wengi hukiita laana, baadhi ya nyakati picha huonyesha kuwa chanzo chake ni vifuko vya minyoo ya tegu wa nguruwe vilivyojikita katika ubongo.

Sasa nije kwenye lalamiko langu. Mwaka jana mpwa wangu, dereva wa bodaboda, aligongwa na gari akafikishwa hospitali saa mbili usiku hajitambui. Hospitali sitaitaja. Daktari alimwona mara moja na kuandika picha ya kichwa. Kutoka hapo tukaambiwa tupitie dirisha la malipo kwanza, na fedha hatukuwa nazo. Tulikaa tukipiga simu kwa jamaa, huyu anatuma elfu kumi, yule elfu tano, hadi saa tisa usiku zilipotimia. Muda wote huo mashine ilikuwa chumba cha tatu kutoka tulipokaa, haina mgonjwa. Kijana yu hai, namshukuru Mungu, lakini mkono wake wa kulia hauna nguvu, na kazi ya kuendesha imekwisha. Simlaumu daktari wala muuguzi, maana nao walikuwa wanafuata utaratibu. Nalaumu utaratibu wenyewe. Wahenga walisema ngoja ngoja yaumiza matumbo. Hapa yaumiza ubongo.

Kwa hiyo nashauri mambo manne.

Kwanza, itolewe amri moja kwa hospitali zote za umma zenye mashine hii kwamba wagonjwa wa aina mbili wapigwe picha kwanza na malipo yafuate: aliyegongwa kichwa akapoteza fahamu, akatapika au akasinzia, na aliyepooza ghafla. Hata fomu ya polisi, PF3, ifuatwe na ndugu mmoja wakati mgonjwa anahudumiwa.

Pili, kila chombo cha moto barabarani hutakiwa kuwa na bima ndogo. Fidia ya bima hiyo huja baadaye sana, baada ya karatasi nyingi. Kwa nini sehemu ya fedha hizo isitengwe katika mfuko wa kulipia saa 24 za kwanza za majeruhi? Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ilipitishwa na Bunge mwaka 2023, nasi tunaiunga mkono, lakini ajali haiulizi kama una kadi.

Tatu, mashine bila msomaji wa picha ni sanduku la chuma. Wataalamu wa mionzi wasomeshwe kwa wingi, na pale wasipokuwapo picha itumwe kwa mtandao kwa mtaalamu aliye mbali, naye ajibu usiku huo huo. Tena mashine inaponunuliwa, mkataba wa matengenezo, umeme wa akiba na viyoyozi vyake vinunuliwe pamoja nayo.

Nne ni letu sisi wananchi. Tusidai CT-Scan kwa kila maumivu ya kichwa, maana mionzi yake ni mingi kuliko ya eksirei ya kifua, na watoto ndio wa kuhurumiwa zaidi. Mwenye uvimbe wa shingo mara nyingi huanza na ultrasaundi, isiyo na mionzi hiyo na yenye gharama nafuu. Majeruhi wa barabarani tusimbebe kichwa kikining'inia kama mfuko wa mkaa. Shingo ishikwe isitikisike, kwani pingili iliyovunjika ikisogea yaweza kumpoozesha mtu maisha yake yote. Na kofia ngumu ivaliwe na dereva na abiria, mkanda wake ufungwe kidevuni. Kuipachika kwenye kioo cha pikipiki hakumkingi mtu.

Najua wako watakaosema kwamba picha zikipigwa kabla ya malipo, watu watatoroka na deni. Wachache watatoroka, sikatai. Lakini kijana mmoja akilemazwa, familia hupoteza mlishaji, watoto huacha shule, na Taifa hupoteza nguvukazi. Deni hilo halina dirisha la kulipia. Mashine zilinunuliwa kwa fedha ambazo sisi sote tutazilipa kwa kodi zetu, naye yule anayelala kwenye machela amekwisha lipia sehemu yake.

Naomba wahusika wa Wizara ya Afya watujibu katika ukurasa huu huu.

Mjomba wa Majeruhi,
Morogoro.