Mlinzi wa Usingizi Naye Akaguliwe

Moyo wa binadamu haulali. Askari ajinyooshapo kitandani baada ya zamu, moyo wake huendelea kushika lindo. Wataalamu wamepata njia ya kuyahesabu mapigo yake bila kumgusa, kwa kamera tu iliyotundikwa ukutani.

Jambo hili si uchawi. Kila pigo husukuma damu hadi ngozini, na damu ikiongezeka, mwanga unaorudishwa na ngozi hupungua kidogo. Jicho halioni tofauti hiyo, kamera huiona. Mwaka 2008 Verkruysse, Svaasand na Nelson walionyesha kwamba kamera ya kawaida na mwanga wa kawaida vyatosha, na kwamba rangi ya kijani ndiyo iletayo habari za mapigo kwa nguvu zaidi. Gizani hutumika mwanga wa infraredi, usioonekana kwa macho wala kumwamsha aliyelala, ingawa alama ya mapigo huwa hafifu zaidi.

Faida yake kwetu ni dhahiri. Majeruhi aliyeungua ngozi ni vigumu kubandikwa waya. Mahabusu aliyelewa au kuumia kichwani aweza kufariki huku akidhaniwa kuwa amelala fofofo.

Hata hivyo, hapana budi tuwe waangalifu. Melanini, ambayo ndiyo weusi wa ngozi zetu, humeza mwanga, hasa huo wa kijani. Na uchunguzi umeonyesha kwamba chombo kisomacho vyema juu ya ngozi nyeupe chaweza kukosea zaidi juu ya ngozi nyeusi. Bunduki mpya haigawiwi kikosini kabla ya kujaribiwa katika uwanja wa shabaha. Basi kamera hii nayo ijaribiwe kwanza juu ya ngozi zetu, chini ya vyandarua vyetu, na hesabu yake ilinganishwe na ya vipimo vya hospitali.

Kuna pia suala la ridhaa. Nchini Uingereza kamera za namna hii zilifungwa katika vyumba vya wagonjwa wa akili, na baadhi yao wakalalamika kwamba hawakuulizwa. Aliyelala hawezi kukataa. Kwa hiyo aulizwe angali macho.

Mwisho, tunawakumbusha askari wenzetu kwamba kamera haifungui mlango, wala haimgeuzi mgonjwa ubavu. Mlinzi atakayeacha kuwazungukia mahabusu kwa sababu kuna chombo ukutani, huyo ameacha lindo lake.