Gitaa la Uani na Elimu ya Mikono

Kijana akijifungia uani baada ya sala ya alasiri, mbele yake msumeno, tupa na kipande cha mninga, akasema anaunda gitaa la umeme, je, huyo amepotea au yumo masomoni? Swali hili nimelisikia likizungumzwa barazani zaidi ya mara moja, na aghalabu jawabu huwa ni lile la kwanza: amepotea, na lau angekuwa na akili angeshika kitabu. Mimi sikubaliani na jawabu hilo, na leo nataka kueleza kwa nini.

Ushahidi wangu wa kwanza unatoka mbali, Uingereza, katika mtaa wa Feltham karibu na London. Mwaka 1963 kijana wa miaka 16, jina lake Brian May, alitamani gitaa la umeme kama yale aliyoyaona madukani. Fedha za kulinunua hazikuwako. Baba yake, Harold, alikuwa mtu wa kazi za elektroniki. Hakumfukuza mwanawe wala hakwenda kukopa. Chumba kimoja cha nyumba yao kiligeuzwa karakana, na baba na mwana wakaanza kazi. Iliwachukua kama miaka miwili, na gharama yake yatajwa kuwa kiasi cha pauni 8.

Tazama vitu walivyotumia. Shingo ya gitaa ilichongwa kutokana na ubao mkuukuu wa mahogani uliokuwa juu ya meko ya ukutani, mahali Waingereza wanapoota moto wakati wa baridi. Ubao ule ulikuwa umetobolewa na bungua, na kijana akayaziba matundu kwa njiti za kiberiti. Sehemu ya kiwiliwili ilitoka katika meza kuukuu ya mwaloni. Alama za shingoni, zile zinazomwonyesha mpigaji pa kuweka vidole, zilikuwa vifungo vya lulumizi kutoka kijaluba cha mama yake cha kushonea. Springi zinazorudisha nyuzi mahali pake zilitolewa katika pikipiki aina ya Panther ya mwaka 1928. Mkono wa kutikisia nyuzi ulikuwa chuma cha kushikilia mkoba wa baiskeli, na nchani mwake akatia kipande cha sindano ya kufumia.

Gitaa hilo la takataka ndilo alilolipiga katika bendi ya Queen iliyovuma dunia nzima, na mwaka 2002 alilipiga akiwa amesimama juu ya paa la jumba la Buckingham. Mwimbaji wa bendi hiyo, Freddie Mercury, kwa jina la kuzaliwa Farrokh Bulsara, alizaliwa hapa jirani, Unguja, mwaka 1946. Maisha yao na nyimbo zao siyo maudhui yangu leo. Maudhui yangu ni ule ubao wa mekoni na mikono iliyouchonga.

Sasa tuangalie ni elimu gani imo katika kazi hii, maana wengi hudhani ni kukata ubao na kufunga nyuzi. Gitaa la umeme halitegemei tumbo la mti kukuza sauti kama udi. Chini ya nyuzi huwekwa sumaku zilizozongwa waya mwembamba wa shaba, mwembamba kama unywele, maelfu ya mizunguko. Uzi wa chuma ukitetemeka huitikisa nguvu ya sumaku, na katika waya ule huzaliwa mkondo mdogo wa umeme, ambao hupelekwa kwenye kikuza sauti na spika. Ukifunga nyuzi za nailoni hutasikia kitu, kwa kuwa sumaku haina habari na nailoni. Kijana akilifahamu hili kwa mikono yake, hatalisahau tena katika mtihani wa fizikia.

Kisha kuna hesabu ya shingo. Vile vijiti vya chuma vilivyolala juu ya shingo, viitwavyo freti, haviwekwi kwa kukisia. Urefu wa uzi hugawanywa kwa 17.817, na hapo ndipo penye freti ya kwanza. Kinachobaki hugawanywa tena kwa 17.817, na hivyo hivyo hadi mwisho. Kwa uzi wa milimita 610, freti ya kwanza hukaa kiasi cha milimita 34 kutoka mwanzo wa uzi, na ya 12 hukaa milimita 305, nusu barabara. Fundi akikosea milimita 2 tu, sauti hazitalingana hata akaze nyuzi mpaka zikatike. Kijana aliyekuwa akizikimbia sehemu za desimali shuleni, hapa hana pa kukimbilia.

Na hapa sisi watu wa Pwani tuna neno letu la kusema. Udi hauna freti. Kwa hivyo kidole cha mpigaji huweza kuzifikia zile robo za sauti zinazotakiwa na maqamu kama Rasti na Bayati, ambazo gitaa la freti haliwezi kuzitoa sawasawa. Kijana wa Mombasa au Lamu akiunda gitaa lake mwenyewe ana uhuru wa kuamua: atatia freti, au ataiacha shingo iwe wazi kama ya udi? Kiwanda cha ng'ambo hakitamuuliza swali hilo. Chombo kilichoundwa hapa chaweza kuifuata sauti yetu, badala ya sisi kuifuata sauti ya chombo.

Tena tusijifanye wageni wa jambo hili. Neno udi kwa asili yake ya Kiarabu maana yake ni mti. Chombo hicho kilifika Ulaya kwa njia ya Andalusia, na Wazungu wakaita chao luti, kutokana na hilo hilo neno al-udi. Al-Farabi, mwanafalsafa aliyefariki mwaka 950, aliandika kitabu kikubwa juu ya elimu ya muziki, na kabla yake Al-Kindi alikwisha kuandika juu ya nyuzi za udi. Walikuwa watu wa hesabu na falsafa, wala hawakuona aibu kupima uzi.

Najua kuna msomaji anayesubiri niseme juu ya hukumu ya dini. Mimi nimesoma chuoni kwa ubao na wino, lakini si mufti. Wanazuoni wamekhitilafiana tangu kale juu ya ala za nyuzi: wako waliozikataza, nao ni wengi, na wako walioruhusu, miongoni mwao Ibn Hazm wa Andalusia. Mwenye kutaka fatwa na amwendee shekhe wake, na mwenye kujitenga nazo kwa ucha Mungu namheshimu. Ninalolisema ni kwamba khitilafu iko juu ya ala na matumizi yake. Juu ya kazi ya mikono hakuna khitilafu. Nabii Nuhu aliunda safina. Nabii Daudi alilainishiwa chuma akafua deraya, na Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, alimsifu kwa kula kilichotokana na kazi ya mkono wake. Nabii Zakariya alikuwa seremala. Basi msumeno umekuwaje leo alama ya mtoto aliyeshindwa na maisha?

Kosa letu ni kuugawa ujuzi mafungu mawili, fungu la kichwa na fungu la mikono, kisha tukalipa la kwanza kiti na la pili mkeka uliotoboka. Mfumo wa 8-4-4 ulipoanza mwaka 1985 ulikuja na masomo ya mikono, useremala ukiwamo, baadaye yakapunguzwa. Mtaala wa umilisi, ulioanza kutumika kote nchini mwaka 2019 kwa madarasa ya chini, umerudi kutuhimiza kwamba mtoto ajifunze kwa kutenda. Lakini shule haiwezi peke yake ikiwa nyumbani mtoto akishika tupa anaambiwa aiweke chini.

Rudi kwa Harold May. Mwanawe alikuwa akisomea shahada ya udaktari wa elimu ya nyota huko London, akaiacha njiani kwa ajili ya muziki. Baba aliyechonga gitaa lile pamoja naye aliumia sana, na kwa muda mambo baina yao hayakuwa mazuri. Mwaka 1977 mwana alimchukua baba mpaka New York, akamwona akipiga katika ukumbi wa Madison Square Garden uliojaa watu, na hapo baba akaridhika. Mwaka 2007, zaidi ya miaka 30 tangu aache masomo, Brian May alirudi akakamilisha utafiti wake juu ya vumbi la angani, akatunukiwa udaktari. Mikono haikumnyang'anya kitabu. Huenda ndiyo iliyomfunza subira ya kukirudia.

Yuko atakayesema: gitaa la kiwandani liko dukani, kwa nini mtu ahangaike miaka miwili? Namjibu kwamba anayenunua hupata gitaa, na anayeunda hupata gitaa na fundi. Likiharibika, wa kwanza atatafuta mtu. Wa pili ndiye mtu anayetafutwa. Na katika mitaa yetu, ambamo vijana wangapi wamemezwa na unga kwa kukosa la kufanya jioni, miaka miwili ya jioni zenye kazi si hasara.

Yafaa pia tusiwaachie hatari. Gitaa lenyewe hubeba umeme mdogo usiodhuru, lakini kikuza sauti huchomekwa katika volti 240, na hiyo huua. Vumbi la mvule huwasha pua na kifua, basi na wajifunge kitambaa. Mbao mbichi isitumiwe, kwani unyevu wa Pwani utaipinda shingo kabla ya mwaka kwisha; mbao ya mlango wa kale au meza iliyovunjika, iliyokaa ikakauka miaka, ndiyo bora. Na chumvi ya bahari hula nyuzi na viungo vya waya, basi chombo kifutwe kila kinapopigwa. Mambo haya hayamo katika kitabu cha mgeni. Yamo vichwani mwa maseremala wetu.

Na hao maseremala ndio ninaowahofia zaidi. Mji wa Kale wa Lamu uliingizwa mwaka 2001 katika orodha ya urithi wa dunia, na milango yake hupigwa picha kila siku. Orodha huhifadhi milango; mikono iliyoichonga huhifadhiwa kwa kumpata mwanafunzi. Fundi akifa bila ya kumweka kijana kando yake, amekwenda na chuo kizima.

Basi ombi langu ni jepesi. Baba mwenye uani na ampe mwanawe pembe moja na meza. Fundi mwenye karakana na amkubali kijana mmoja jioni, hata kama analotaka kuunda si kitanda wala kabati. Na sisi wa barazani, tukipita tukasikia tupa ikisaga chuma nyuma ya ukuta, tusiulize mtoto wa nani anapoteza wakati. Tuingie tutoe salamu, tumuulize amefika wapi.