Dada zake walikuwa na majina

Nimefundisha kwaya huku Kibosho tangu ujana wangu, na jambo linalonikera kuliko mwanakwaya kuchelewa mazoezi ni kuona sauti ya pili na ya tatu zikihesabiwa kama pambo. Toa sauti moja katika wimbo wa sauti tatu uone kitakachobaki. Ndiyo maana sijawahi kulipenda jina la kundi ambalo, kwa maoni yangu, ndilo bora kuliko yote yaliyopata kutoka Moshi: Frank na Dada Zake. Watu watatu, jina moja.

Dada hao waliitwa Thecla Clara na Maria Regina. Kaka yao, Frank Humplick, ndiye aliyeshika gitaa. Baba alikuwa Mzungu, mama Mchagga, nyumbani ni Moshi. Katika miaka ya 1950 nyimbo zao zilitoka Nairobi kwa santuri za lebo ya Jambo, na ule unaoitwa "Harusi" ukaenea Afrika Mashariki nzima. Kumbuka NUTA Jazz ilikuwa haijazaliwa, iliundwa 1964. Bendi nyingi tunazoziita za kale ni wajukuu ukizipanga na watu hawa.

Sikilizeni kinachofanyika ndani ya nyimbo hizo. Frank anadonoa nyuzi kwa utulivu, hana haraka na mtu. Juu ya gitaa hilo sauti za kina dada zinakaa karibu karibu, moja ikitembea juu kidogo ya nyingine, zinapanda pamoja, zinageuka pamoja, zinakata pumzi pamoja. Hapo kwenye kukata pumzi ndipo mwalimu wa kwaya anapovua kofia. Mimi huwachukua watu ishirini kutoka vitongoji mbalimbali na kuwafundisha miezi mitatu, bado utamsikia mmoja anavuta hewa katikati ya neno. Ndugu waliokua pamoja hawafundishwi hilo. Hata irabu zao zinafanana: "a" ya mmoja ndiyo "a" ya mwingine, kwa hiyo sauti mbili zinaungana bila kugongana. Huwezi kulipata hilo kwa mashine za studio za leo. Najua, kwa sababu vijana wangu wamejaribu.

Na nani alizinunua santuri hizo? Watu wa kahawa, kwa sehemu kubwa huku kwetu. KNCU, chama cha ushirika cha wakulima wa kahawa wa huku, kilikuwa kimesimama tangu 1933, na miaka ya mwanzo ya 1950 bei ya kahawa duniani ilikuwa nzuri. Mabati yakaongezeka vihambani, watoto wakaongezeka shuleni, na katika nyumba ya mwenye nafasi kukawa na gramafoni ya kuzungusha kwa mkono. Sauti ya Dar es Salaam ilianza kutangaza 1951, lakini mwanzoni ilisikika Dar na viunga vyake tu. Huku mlimani mtu aliyetaka muziki wa Kiswahili aliununua, upande mmoja dakika tatu hivi, kisha anageuza. Kwetu mama alitukataza watoto kuzigusa santuri, na alikuwa na haki. Zile za mizunguko 78 hazikuwa plastiki. Zilitengenezwa kwa utomvu wa wadudu unaotoka India, ngumu lakini zinavunjika kama sahani ya udongo. Ikianguka sakafuni umekwisha.

Wakati huohuo, ng'ambo ya bahari, vijana weusi wa miji ya Marekani walikuwa wakisimama kwenye kona za mitaa na kwenye ngazi za shule wakifanya jambo la namna hiyohiyo: sauti nne au tano, ala kidogo au hakuna kabisa, besi akiigiza gitaa kubwa kwa mdomo. Muziki huo baadaye ukaitwa doo-wop. Makundi yake yalikuwa mengi mno, na mengi yalirekodi nyimbo mbili au nne tu yakatoweka. The Penguins wa Los Angeles waliimba "Earth Angel" mwaka 1954, wakarekodia kwenye gereji ya mtu, na hawakupata tena wimbo wa kiwango kile. The Five Satins walirekodi "In the Still of the Night" chini ya kanisa la Mtakatifu Bernadette mjini New Haven, mwaka 1956. Mtunzi wake, Fred Parris, alikuwa jeshini. Wimbo ulipopata umaarufu yeye alikuwa Japani, na kundi likalazimika kutafuta mwimbaji mwingine wa mbele.

Angalia sasa Wamarekani walivyowatendea wenzao hao wa muda mfupi. Wapo watu wazima, wenye kazi na familia, waliotumia maisha yao kutafuta nani aliimba tenori ya kwanza katika kundi lililotoa santuri moja. Wa The Penguins ni Cleve Duncan, Curtis Williams, Dexter Tisby na Bruce Tate. Wanne, wote kwa majina, hata yule aliyeimba sauti ya chini ambayo redio ya zamani haikuweza kuitoa vizuri. Wimbo mmoja uliowabeba ulitosha kuwaingiza wote kwenye vitabu.

Hapa kwetu? Desemba moja nilialikwa kwenye send-off huko Uru. Ndafu imeingia, watu wanacheza, kijana wa muziki akapiga "Harusi". Nikafurahi, nikasema angalau. Kisha akashika kipaza sauti akatangaza kwamba hiyo ni zilipendwa kutoka Kenya. Kutoka Kenya! Na hapo tulipo, ukitoka nje unauona mji wa Moshi pale bondeni. Nilimfuata kumweleza, akanijibu kwa heshima, "Mzee, mimi nimeukuta kwenye flashi." Sikumlaumu sana. Faili lile halikuwa na jina la mtu yeyote. Ila nimeona hata wanaojua kwamba ni wa Moshi wanasema "wimbo wa Frank", wakaishia hapo.

Frank mwenyewe anakumbukwa kidogo zaidi, na sababu kubwa ni siasa. Wimbo wake uliozoeleka kwa jina la "Yes No" uliwagusa wakoloni pabaya, serikali ya Tanganyika ikaupiga marufuku. Ni habari nzuri na inastahili kusimuliwa. Lakini nina wasiwasi na mazoea yetu ya kumkumbuka mwanamuziki pale tu alipoisaidia historia ya uhuru. Wimbo wa harusi, ulioimbwa vizuri na wanawake wawili wa Moshi, hauhitaji kibali cha siasa ili uhifadhiwe.

Kuna jamaa zangu hubisha. Wanasema mwanamuziki wa kweli ni yule wa miaka thelathini jukwaani, wa sare na mabasi ya bendi. Aliyerekodi miaka michache akaacha, basi kipaji kilikuwa kidogo. Mimi naona kinyume. Kuimba hakukuwa ajira ya watu wengi enzi zile. Msanii alilipwa mara moja studio akarudi kwenye kazi yake, na lebo ikabaki na mauzo. Kwa wanawake ilikuwa ngumu zaidi, na kwa kiasi fulani bado ni hivyo: soprano wangu wazuri kuliko wote wameolewa, wako Tabata na Mwanza, na sauti zao zimebaki za kubembelezea watoto. Urefu wa safari ya msanii unatueleza mazingira yake tu. Sunburst wa Dar es Salaam walitoa albamu moja, "Ave Africa", mwaka 1976, na bado inawashinda wengi waliotoa kumi. Arusha Jazz ya akina Kinyonga haikukaa Arusha muda mrefu. Walivuka kwenda Mombasa na kisha Nairobi, na huko dunia ikawajua kama Simba Wanyika. Jirani zetu hao hata jina la mji wao hawakubaki nalo.

Linaloniuma ni kwamba kazi ya kuwatunza Frank, Thecla Clara na Maria Regina imefanywa na wageni. Mississippi Records, kampuni ndogo ya Marekani, imezikusanya nyimbo zao kutoka santuri za zamani na kuzitoa upya. Kwa hiyo kijana wa Portland anaweza kukaa sebuleni kwake akazisikiliza upande wa kwanza na wa pili, na kijana wa Majengo au Pasua hapa Moshi hajui kwamba watu hao wamewahi kuwepo. Siwalaumu Wamarekani hata kidogo. Wamefanya kwa makundi yetu kile walichozoea kufanya kwa makundi yao. Frank aliishi hadi 2007. Tulikuwa na muda wa kutosha kumfuata na kinasa sauti tukamuuliza lolote.

Mambo yanayoweza kufanyika hapa mjini si ya gharama. Tuna maktaba ya mkoa. Tuna Chuo Kikuu cha Ushirika, ambacho kwa asili yake kinapaswa kujua kahawa ilinunua nini zaidi ya mabati. Rafu moja ya muziki uliorekodiwa na watu wa Kilimanjaro, pamoja na mashine moja ya kuuhamishia kwenye kompyuta, haihitaji mfadhili wa nje. Redio za hapa nazo zingeweza kujiwekea kanuni ya kutopiga zilipendwa bila kutaja waimbaji, wote, na mahali walipotoka.

Kwa wengine wote, Krismasi inakuja na barabara ya Dar hadi Himo itajaa magari yetu. Mkifika nyumbani mtaanza kusafisha nyumba ya babu, mtakuta sanduku la santuri chini ya magunia. Msiziweke juani, msizioshe kwa maji ya moto, msizilaze moja juu ya nyingine. Zisimamisheni wima kama vitabu. Pigeni picha kila lebo. Kisha kaeni na bibi, mumuulize nani aliimba, nani alimwitikia, waliishi wapi, walikuwa watoto wa nani, na muyaandike majina yote kwenye daftari kabla hamjarudi Dar.