Mgebuka si Dagaa Mkubwa

Sisi wa Misisi tuko mbali na ufuko wa Tanganyika, na samaki wa ziwa hilo twawajua zaidi sokoni, wakiwa wamekwisha kaushwa. Katika fungu moja la dagaa, yaani ndagala, mara nyingi mmechanganyika watoto wa mgebuka, ambaye jirani zetu Warundi humwita mukeke. Mnunuzi huona ni mamoja, kwa kuwa wote ni wadogo na wembamba. Lakini kufanana sura si kuwa ndugu.

Wataalamu hupanga viumbe kwa ukoo: spishi zilizo karibu huwekwa katika jenasi moja, jenasi katika familia, na familia katika oda. Dagaa wa Tanganyika ni spishi mbili, Stolothrissa tanganicae na Limnothrissa miodon, nao wako katika oda moja na heringi wa baharini. Mgebuka ni wa familia ya Latidae. Mwaka 1914 mtaalamu Boulenger alimwekea jenasi ya peke yake, Luciolates. Baadaye akarudishwa kwa ndugu zake, akaitwa Lates stappersii. Kumbe basi, yeye ni ndugu wa sangara wa Ziwa Victoria!

Alama yao iko mgongoni. Dagaa ana pezi moja, fupi na laini. Mgebuka anayo mawili, na lile la mbele lina miiba.

Yatufaa nini kujua hayo? Mgebuka aliyekomaa aweza kupita sentimita 40, na kitoweo chake mwenyewe ni dagaa. Wavu wenye matundu madogo mno humkumba angali mtoto, kabla hajazaa. Kiganja cha watoto hao hakitoshi mlo mmoja. Wangalikua, wangalilisha nyumba nyingi.

Mwaka 2003 nchi nne za ziwa hili zilitia sahihi mkataba wa kulitunza, na mwaka 2024 Tanzania ilifunga uvuvi upande wake tangu tarehe 15 Mei hata 15 Agosti. Kufunga ziwa ni jambo zito kwa mvuvi mwenye watoto wanaolia njaa, wala hatumlaumu anayenung'unika. Hata hivyo, ziwa lisilopumzika halina cha kutupa kesho.

Nanyi wanafunzi, mtumwapo sokoni, tazameni migongo ya samaki kabla ya kulipa, kisha mwaelezeni mama zenu mlichokiona. Mnunuzi akikataa watoto wa mgebuka, mvuvi naye atawaacha wakue.