Saratani ya Matiti: Mume Yuko Wapi?

Kila mwezi Oktoba tunashuhudia matembezi ya hisani, fulana za rangi ya waridi na matangazo yanayowahimiza wanawake kujichunguza. Ni jambo jema. Hata hivyo, kampeni hizo humfikisha mwanamke mlangoni mwa hospitali na kumwacha hapo. Kuhusu yule aliyeahidi mbele ya altare kuwa naye katika afya na katika magonjwa, hazisemi neno.

Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani lilizindua mpango wenye shabaha tatu: walau asilimia 60 ya saratani za matiti zigunduliwe zikiwa katika hatua mbili za mwanzo; ugonjwa uthibitishwe ndani ya siku 60 tangu mgonjwa afike kituoni; na asilimia 80 ya wagonjwa wamalize tiba. Shabaha mbili za kwanza ni kazi ya serikali na wataalamu zaidi. Ya tatu, kwa maoni yetu, huamuliwa kwa sehemu kubwa nyumbani.

Tuitazame tiba yenyewe. Pamoja na upasuaji, wengi huhitaji tibakemikali, ambayo mara nyingi hutolewa kila baada ya wiki 3 kwa miezi kadhaa. Wengine huongezewa mionzi, siku 5 kwa juma, kwa majuma kadhaa. Nchini Tanzania vituo vya mionzi ni vichache, vikiwemo Taasisi ya Saratani Ocean Road, Dar es Salaam, na Hospitali ya Bugando, Mwanza. Mama wa kijijini Rukwa anayepangiwa mionzi hana budi kuhama kwake. Nani atabaki na watoto? Nani atapalilia? Mbuzi atauzwa kwa idhini ya nani? Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote iliyopitishwa mwaka 2023 inaleta tumaini upande wa gharama za matibabu, lakini nauli ya basi na chumba cha kulala karibu na hospitali ni mzigo mwingine kabisa. Anayekatisha tiba si lazima awe amekata tamaa. Pengine fedha zimekwisha, au mumewe amesema inatosha.

Wapo wanaume wanaokimbia. Habari za wake walioachwa baada ya titi kuondolewa si ngeni kwa wanaotembelea wagonjwa, na tusizifunike kwa lugha laini: huko ni kuvunja agano. Lakini wapo wengi zaidi waliobaki na hawajui la kufanya, kwa kuwa walifundishwa kwamba wajibu wa mume ni kutafuta fedha tu. Hao wanahitaji mafundisho, si lawama. Waende kliniki pamoja na wake zao na kuandika anayoyasema daktari, maana mgonjwa aliyeshtuka hasikii nusu yake. Wajue kwamba homa ya nyuzi 38 au zaidi katika kipindi cha tibakemikali ni dharura isiyosubiri kukuche. Wajue kwamba mkono wa upande uliopasuliwa unaweza kuvimba, basi ndoo waibebe wao. Kuteka maji hakujapata kumpunguzia mtu uanaume. Na chumbani wawe na subira, kwa maana mwanamke aliyepoteza titi na nywele huusoma uso wa mumewe kabla ya kujitazama kwenye kioo.

Nasi parokiani tunalo la kujibu. Kadi za michango ya harusi hutufikia kila juma, na msiba ukitokea jumuiya hukusanyika siku hiyo hiyo. Mgonjwa wa miezi minane hatuna kadi yake. Hata Mpako wa Wagonjwa tumeugeuza kuwa ishara ya kifo, hivi kwamba mume humwogopa padre kabla ya upasuaji, ilhali Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulikwisha kufundisha kwamba sakramenti hiyo si ya walio kufani pekee.

WAWATA wamezoea kuwatembelea akina mama wagonjwa. Tungependa kuona UWAKA nao wakibisha hodi katika nyumba hizo, wakimuulizia mume, na kuacha nauli ya safari ijayo.