Mtihani wa darasa la saba ukiondoka, kibaki nini?

Kila Septemba, zaidi ya watoto milioni moja wa Tanzania huketi kwa siku mbili kufanya mtihani wa kumaliza elimu ya msingi. Kwa sehemu kubwa kazi yao ni kushika penseli ya HB na kutia kivuli kwenye herufi moja kati ya A na E. Fomu zao husomwa na mashine, utaratibu ulioanza mwaka 2012. Matokeo yakitoka, mabango ya shule binafsi yenye picha za waliopata A hupanda barabarani.

Katika shughuli yote hiyo, mwalimu wa darasa anapata kujua nini kuhusu mtoto aliyemfundisha? Kidogo mno.

Chukua hesabu ya 43 kutoa 17. Mtoto akiandika 34, mwalimu makini hung'amua mara moja kilichotokea: hakukopa. Ameona 3 na 7, akatoa ndogo kwenye kubwa bila kujali ipi iko juu. Kosa la namna hiyo lina dawa yake, na dawa ni vijiti, mafungu ya kumi na subira. Kwenye fomu ya mashine, kosa hilohilo ni alama moja iliyokosekana, basi. Na anayefumba macho na kubahatisha maswali 40 yenye majibu matano kila moja anaweza kutarajia kuambulia manane hivi.

Mapema mwaka 2012 Serikali yenyewe ilikiri kwamba zaidi ya wanafunzi 5,000 walikuwa wamechaguliwa kuingia kidato cha kwanza ilhali hawajui kusoma wala kuandika. Wote walikuwa na matokeo ya darasa la saba mkononi. Watafiti wa mradi wa Uwezo, ambao huwafuata watoto majumbani na kumpa kila mmoja asome herufi, neno, aya na hadithi ya kiwango cha darasa la pili, walikuwa wameshaanza kupiga kelele kuhusu hali hiyo. Karatasi yao moja na dakika chache za kumsikiliza mtoto akisoma zilifichua kilichopita machoni pa mtihani wa taifa.

Haki yake mtihani upewe. Mtoto wa Kigoma na wa Mtwara hujibu maswali yaleyale, na msahihishaji hajui nani ni mtoto wa nani. Nafasi za sekondari zilipokuwa chache, chujio la aina hiyo lilimwokoa mtoto wa mkulima asipitwe na mtoto wa mkubwa. Lakini hali imebadilika. Shule za kata ziliongezeka kwa kasi chini ya Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Sekondari (MMES) ulioanza mwaka 2004, na ada ya sekondari za Serikali hadi kidato cha nne ikafutwa kuanzia Januari 2016. Siku hizi watahiniwa wanaofaulu wanazidi asilimia 80. Kazi ya kuchuja imepungua sana. Hofu ndiyo haijapungua. Bado kuna kambi za darasa la saba, moko za kata, za wilaya na za mkoa, na udanganyifu pia: mwaka 2022 Baraza la Mitihani, NECTA, lilifuta matokeo ya watahiniwa 2,194.

Januari 2023 NECTA iliacha kutangaza shule na wanafunzi kumi bora, na hapo ilifanya vyema. Mwaka huohuo sera ya elimu ilihuishwa: elimu ya lazima inakuwa miaka 10, sita ya msingi na minne ya sekondari. Kwa mpangilio huo, mtihani wa kumchuja mtoto katikati ya safari hauna kazi. Hatari ni kwamba presha yote itahamia darasa la nne au kidato cha pili, kambi na moko zikifuata nyuma.

Kenya imeshaipitia njia ya kuufuta mtihani wa kumaliza elimu ya msingi. KCPE, iliyoanza mwaka 1985, ilifanywa kwa mara ya mwisho mwaka 2023. Sasa mwanafunzi hupimwa gredi ya sita kwa KPSEA, hupewa kazi za kupimwa shuleni, kisha hufanya KJSEA gredi ya tisa, na alama hizo zote huchangia kuamua anakokwenda sekondari ya juu. Wazo la kutomhukumu mtoto kwa siku chache ni zuri. Lakini alama za shuleni zikishaingia kwenye hesabu ya nafasi, mwalimu anajikuta kwenye kishawishi cha kuwa mkarimu, na darasa la watoto 70 halimpi muda wa kumtazama kila mmoja.

Tanzania inaweza kujifunza hapo kwa kutenganisha kazi mbili. Upimaji wa darasa la pili na la nne ubaki wa kutafuta mtoto alipokwama, usihusishwe na nafasi, sifa wala bango. Mzazi apewe maelezo anayoweza kuyatumia: mtoto anasoma maneno ila aya inamshinda; anajumlisha vizuri, kukopa bado. Maswali ya kuandika na kuonyesha njia yaongezwe, hata kama kuyasahihisha ni ghali kuliko mashine.

NECTA tayari huandaa uchambuzi wa majibu ya watahiniwa, swali kwa swali, ukieleza wapi wengi walikosea na kwa nini. Ni kazi nzuri, na haipaswi kuishia kwenye tovuti. Ichapwe kwa muhtasari wa kurasa chache, ifike kila shule Januari, na Ofisa Elimu Kata akae na walimu waipitie kabla vipindi havijashika kasi.